Bismillah Si Chumvi

Mchinjaji wa mtaa wetu hakuwa akila nyama. Alikula ugali na kisamvu, muhogo wa nazi, dagaa wa kukaanga na mayai ya kuku wake mwenyewe. Ukimpelekea pilau alichambua vipande vya nyama kimoja kimoja, akavipanga ukingoni mwa sahani kama mtu anayetoa mawe kwenye mchele. Ukimuuliza sababu, alisema tumbo lake halipatani nayo. Mkewe alipokuwa hai alikuwa akicheka kila akisikia jibu hilo. "Tumbo lake halina neno," alisema. "Kinachomsumbua ni macho."

Hata hivyo, katika kila shughuli aliyochinja, iwe harusi, arobaini au kipaimara, alikula tonge moja la nyama mbele ya watu. Chakula kikishapakuliwa, wageni Waislamu walimtazama yeye kwanza, naye alijua anatazamwa. Alichukua kipande kidogo, akakitafuna taratibu, akameza, akafuta vidole. Hapo ndipo mikono mingine ilipoingia kwenye sinia. Sisi tuliokuwa watoto tuliliita tonge la ushahidi, na tulikuwa tukishindana nani atamwona akikunja uso.

Mtaa wetu uko Pongwe, barabara ya kutoka Tanga mjini kwenda bara. Nusu yetu ni Waislamu. Nusu nyingine ni Walutheri na Wakatoliki, wajukuu wa manamba walioletwa kukata mkonge, na Wasambaa walioteremka kutoka milimani. Tunaalikana, na ili tualikane bila maneno, yeyote mwenye shughuli, hata awe mzee wa kanisa, humwita Mwislamu amchinjie. Halijaandikwa popote. Kwetu, kwa miaka yote ninayoikumbuka, aliyeitwa alikuwa yeye.

Ninaandika habari zake kwa sababu uliwahi kufika mwezi ambao kuja kwa baba yangu kwenye harusi yangu kulikuwa mikononi mwa mzee huyu, na mimi sikuwa naamini hata moja kati ya mambo yaliyompa uwezo huo.

Kisu chake alikinoa nyumbani, nyuma ya banda la kuku, kwenye jiwe lililolika katikati likabonyea kama kitanda cha kamba. Kisha alikifunga kwenye kipande cha gunia na kukipachika kwapani, ndani ya koti. Akifika kwenye shughuli ungedhani amekuja kutembea tu. Aliomba maji kwenye bakuli, lazima yatoke nyumba yenye shughuli, akamwekea mnyama mdomoni, akasubiri. Mnyama asipokunywa, alisubiri zaidi. Wapishi wenye masufuria yaliyochemka walikuwa wakimpigia kelele: "Mzee, huyo mbuzi unamchinja au unamposa?"

"Nyamazeni. Anakunywa."

Wakiwa mbuzi wawili, wa pili alifungwa nyuma ya nyumba asione wala asisikie. Damu ya wa kwanza ilifukiwa kabla wa pili hajaletwa. Yote hayo yameagizwa katika dini yake, na ukimtazama ungeamini kwamba yameagizwa kwake peke yake, maana nimeshaona wachinjaji wengine wakinoa kisu juu ya pembe ya mnyama huku wakizungumza habari za mpira.

Nilirudi kutoka chuo kikuu na shahada ya sheria, bila kazi na bila subira. Hakuna kitu ambacho sikukiuliza. Nilimuuliza imamu kwa nini ushahidi wangu uwe nusu ya ushahidi wa mdogo wangu wa kiume, ambaye hakumbuki hata alikoacha viatu vyake. Nilimuuliza mzee wa kanisa, jirani yetu, kama angeua watu iwapo asingekatazwa. Mama alikuwa akiniomba nisiwasalimie wageni kwa zaidi ya dakika mbili. Ni Mchinjaji peke yake aliyekuwa akiniuliza, kila aliponiona, swali langu la siku hiyo ni lipi.

Mara nyingi nilimkuta kibarazani akikuna nazi. Tangu mkewe afariki alijipikia mwenyewe, na alipokuwa amekaa juu ya kibao cha mbuzi alipenda kusema kwamba huyu ndiye mbuzi pekee asiyemwogopa.

"Shikamoo babu."

"Marahaba, mwanasheria. Umekula?"

"Nimekula. Babu, nina swali."

"Wee mwana, lini ulikosa?"

"Kumficha mbuzi kisu ni jambo jema kwa sababu limeamriwa, au limeamriwa kwa sababu ni jema?"

Aliendelea kukuna. "Kwani mbuzi atapata nini kati ya hayo mawili?"

"Mbuzi hapati kitu. Anayetaka kujua ni mimi."

"Basi ngoja. Miye si mwepesi kama weye."

Nilidhani ameniepa. Siku mbili baadaye alipiga hodi kwetu, akakataa kiti, akasimama mlangoni na kofia yake imenyooka kama inayokwenda kupigwa picha.

"Nimekuja na lile jibu," alisema. "Nilipoanza kazi nilikuwa nanoa mbele yao. Kijana, nataka watu waone kisu kinavyong'aa. Aliyenifundisha akanikuta, akanizaba kofi mpaka kofia ikaruka. Akasema imekatazwa. Basi nikawa naficha. Nilikuwa namwogopa yeye. Huruma sikuwa nayo, usije ukanisifu. Nikaficha miaka mingi. Halafu siku moja, wala siijui ni siku gani, nikajiona namtazama mnyama machoni kabla sijamlaza. Tangu hapo nyama hainipandi."

"Kwa hiyo bila amri usingefika huko."

"Miye nisingefika. Weye pengine ungefika, umesoma."

"Na wale wanaotii maisha yao yote wasione macho yoyote?"

"Wapo," alisema bila kusita. "Wengine nawajua kwa majina. Mmoja tumesali naye safu moja alfajiri ya leo."

Aliaga akaenda zake. Mimi nilibaki na hasira, kwa sababu nilikuwa nimemwandalia majibu ya kila upande na yeye hakusimama upande wowote.

Nisimfanye malaika. Alikuwa na majivuno ya kofia. Alikuwa nazo saba na kila moja ina siku yake, na ukimwona na kofia ya Ijumaa siku ya Jumanne ujue amegombana na mtu. Alikuwa mtu wa kuchinja lakini akiona sindano alikuwa akitoa machozi, na muuguzi wa zahanati yetu alikuwa akimwomba afumbe macho na asome kitu anachokijua kwa moyo. Alichelewa kila alikokwenda, kwa sababu ya baiskeli ambayo ilipaswa kuwa imekufa zamani na ambayo alikataa kuiacha. Na akishasema "hilo halipo kwenye kitabu changu," ungeweza kulia mbele yake hadi jua lizame.

Lakini kitabu chake hakutaka mtu akishikie fimbo. Kuna mwaka, Ramadhani ikiwa imebaki wiki mbili, vijana fulani walileta hoja kwenye mkutano wa mtaa. Walitaka wanaouza chakula mchana wazuiwe mwezi mzima, na atakayekaidi mgambo wamchukulie vyombo. Kila mtu alijua anayesemwa ni Mama Neema, Mlutheri, mjane, aliyekuwa akiwapikia wagonga kokoto kwenye kona ya barabara. Mwenyekiti wa mtaa alikuwa ameshaanza kusema "wengi wape." Nikasimama. Nilizungumza kwa dakika kumi kuhusu katiba, uhuru wa kuabudu, na tofauti ya dhambi na kosa la jinai. Watu walitazama viatu vyao. Mama Neema mwenyewe alinitazama kama mtu anayesubiri daktari amalize Kilatini amwambie kama atapona.

Ndipo Mchinjaji akanyoosha mkono.

"Miye nikipita kwa Mama Neema Ramadhani nasikia harufu ya vitumbua. Mate yananijaa. Napita. Pale ndipo ninapofunga. Sasa mkimwondoa Mama Neema, nitajuaje aliyefunga ni miye au ni mgambo?"

Watu wakacheka. Kijana mmoja hakucheka. "Mzee, kwa hiyo amri ya Mungu isisaidiwe?"

"Isaidie kwa kufunga weye. Mwaka jana kumi la kati nilikuona nyuma ya gereji na chupa ya soda. Nilimwita mgambo?"

Hoja ikafia hapo, kwa kicheko. Tulipokuwa tunarudi nilimwambia kwamba amesema jambo lile lile nililolisema mimi. "Ndiyo," akajibu, "ila weye ulimtetea Mama Neema. Miye nilikuwa najitetea mwenyewe." Nililifikiria jambo hilo kwa muda mrefu. Mimi nilipinga amri za dini kugeuzwa sheria kwa sababu sikuziamini. Yeye alipinga kwa sababu aliziamini, na hakutaka mtu mwenye kirungu amtie mkono kwenye kitu chake.

Siku ya kipaimara cha Neema ndiyo inayosimuliwa zaidi pale mtaani. Mama Neema alikuwa ameandaa mbuzi wawili na kualika barabara nzima. Mchinjaji, kama kawaida, alichelewa. Baiskeli ilimgeuka njiani. Wajomba wa Neema waliotoka bara, ambao hawakujua mambo yetu, wakaona maji yanachemka na wageni wanakaribia. Wakachinja wenyewe. Mzee alipofika akisukuma baiskeli, nyama ilikuwa imeshakatwakatwa na ya kwanza iko jikoni.

Mama Neema alimvuta pembeni, nyuma ya tangi la maji. Nilikuwa pale, nakatakata vitunguu.

"Baba, nisitiri," alimwambia. "Wageni wako barabarani. Simama tu hapo juu ya beseni, sema bismillah yako. Nani atajua?"

"Mama Neema, bismillah si chumvi. Hainyunyizwi mwishoni."

"Nitaaibika baba. Watakaa na njaa, watasema nimewalisha kibudu."

Alisimama akaitazama nyama, akamtazama yule mama. Kisha akapanda baiskeli yenye tairi bovu akaondoka, na mimi nikasema moyoni, huyu hapa mtu wa amri, amri imemtosha. Baada ya nusu saa alirudi na kikapu. Ndani walikuwamo kuku sita, wale wa mayai, wote aliokuwa nao isipokuwa jogoo. Akawachinja mmoja mmoja nyuma ya nyumba, kila mmoja na maji yake. Wageni walipokaa akasimama akasema wazi: mbuzi hakuwachinja yeye, kuku amewachinja yeye, kila mtu ale anavyojua. Akala tonge la kuku. Na siku ile Waislamu wawili watatu niliwaona wakila mbuzi pia, wakijadiliana kwa kunong'ona kwamba chakula cha watu wa kitabu kina ruhusa yake.

Kesho yake nilimfuata. Banda lilikuwa kimya, jogoo anazunguka peke yake kama mstaafu.

"Babu, ni aya gani iliyokuambia utoe kuku wako?"

"Hakuna."

"Basi kwa nini?"

"Nilikatazwa kusema uongo. Sikukatazwa kuwa na kuku."

Nilicheka, lakini jibu lile lilinikaa. Nilikuwa nimezoea kusema kwamba amri huwafanya watu wasifikiri. Yeye amri ilimfungia mlango mmoja tu, ule rahisi, na kwa kuwa ulikuwa umefungwa ilimbidi atafute mwingine.

Sasa niseme lile ambalo mtaani halikusemwa mbele yake. Alikuwa na binti. Binti huyo aliolewa na mwalimu Mkatoliki wa Muheza, ndoa ya bomani, kabla mimi sijaenda chuo. Mwislamu wa kiume anaweza kumwoa Mkristo, ndivyo alivyofundishwa. Wa kike hawezi kuolewa naye. Halipo kwenye kitabu chake. Mzee hakupiga kelele wala hakulaani. Hakwenda tu. Mkewe alikuwa akienda Muheza peke yake na kurudi na picha za wajukuu kwenye simu, na alipofariki binti alikuja mazikoni, akakaa na wanawake, akaondoka. Muheza kutoka Pongwe si mbali. Hata chai haipoi. Yule mzee aliyemsubiri mbuzi anywe maji hakuwahi kufika.

Kisha mimi nikampata Yona. Yona ni Msambaa, Mlutheri, anafanya kazi ya miti kule Amani, mtu wa maneno machache na mabuti yenye matope. Kwao walitaka nibatizwe kwanza. Nikakataa. Kwetu walitaka yeye asilimu. Nikamkataza, maana angelifanya kwa ajili yangu tu na hilo niliona ni uongo. Tukabaki na ofisi ya Mkuu wa Wilaya. Sheria ya ndoa ya nchi hii haiulizi dini. Unaandikisha, tangazo linabandikwa ubaoni siku ishirini na moja, asipotokea mwenye pingamizi la kisheria mnafungishwa. Nilijivunia sana sheria hiyo. Niliieleza nyumbani kifungu kwa kifungu.

Mama alilia siku moja, siku ya pili akaanza kuulizia mchele. Baba, mstaafu wa reli, mtu ambaye maisha yake yote hakupenda kusema hapana kwa mdomo wake mwenyewe, alinyamaza wiki nzima. Kisha akasema: "Mchinjaji akikubali kuchinja kwenye shughuli yako, na mimi nitakuja. Akikataa, mniache nyumbani na redio yangu."

Baba alijua anachokifanya. Katika Pongwe yote alichagua mtu mmoja ambaye jibu lake lilikuwa linajulikana, kwa kuwa lilikuwa linaishi Muheza.

Nilikwenda. Alikuwa juu ya kibao chake, nazi mkononi.

"Shikamoo babu."

"Marahaba. Umekula?"

"Babu, ninaolewa."

"Nimesikia. Na kijana wa Amani."

"Baba anasema atakuja ukichinja wewe."

Mkono ulisimama. "Kasema hivyo? Baba yako mjanja."

"Na mimi ninataka useme mbele ya watu kwamba hakuna ubaya. Neno moja tu. Watu wanakusikiliza."

"Ubaya, sijui. Ninalojua ni kwamba kwangu ndoa hiyo haipo, mwanasheria. Unataka nisimame niseme bismillah juu ya kitu kilichokwisha kupikwa. Ulikuwepo siku ile. Ulinisikia."

Ningeweza kunyamaza. Ningeweza kumwomba achinje tu na neno alibakize. Lakini nilikuwa nimekuja na hasira tangu nyumbani, na ulimi wangu umesomeshwa kwa gharama.

"Mbuzi unamficha kisu, babu," nilimwambia. "Mwanao ulimnolea mbele ya macho."

Alikusanya nazi aliyoikuna kwenye sahani, akainuka kwa kushika goti, akaingia ndani, akaacha kibao kibarazani. Nilikaa pale nikisubiri anifukuze, na hakunifukuza. Mama aliposikia nilichosema hakunigombeza. Aliweka mkono mdomoni tu.

Tangazo likabandikwa. Siku zikapita nikimkwepa barabarani, na yeye akinikwepa. Siku ya kumi na mbili akanipigia simu karani wa pale ofisini, msichana niliyesoma naye sekondari.

"Shoga, kuna mzee alikuja ubaoni kwetu. Ana kofia nzuri. Kasimama mbele ya tangazo lenu karibu nusu saa, anasoma kwa kidole. Halafu kaja dirishani kaniuliza, mtu mwenye pingamizi anafanyaje?"

"Ukamwambia nini?"

"Nikamwambia aandike, ila liwe la kisheria. Kashukuru, kaondoka na baiskeli yake."

Kisheria sikuwa na wasiwasi. Dini si pingamizi. Karatasi yake ingetupwa kapuni. Lakini nilijua kwamba Baba asingehitaji karatasi. Ingetosha asikie kwamba mzee ameandika. Siku tano nilisubiri, nikiwa na sheria yote ya nchi upande wangu na usingizi sina.

Siku ya kumi na saba, baada ya alasiri, tulisikia hodi. Alikuwa amevaa kofia ya Ijumaa, na ilikuwa Alhamisi. Mama alimtolea kiti na safari hii alikaa. Baba alikuwa chumbani, nyuma ya pazia, redio imezimwa ghafla.

"Shikamoo babu," nilisema, na sauti ikanitoka ndogo. "Yale niliyosema siku ile..."

"Umekula?"

Mama akanijibia kwamba sijala vizuri wiki nzima.

"Nimekwenda kusoma tangazo lenu," alisema. "Limeandikwa vizuri. Majina yenu, na ya baba zenu. La mwanangu nililetewa habari liko ubaoni. Sikwenda. Nikasema nikilisoma nitakuwa nimelikubali." Alivua kofia, akaitazama ndani, akaivaa tena. "Lako nimelisoma lote, mara mbili. Sijalikubali. Na macho hayakupofuka."

"Na pingamizi?"

"Pingamizi ninalo. Ila yule binti wa dirishani kasema liwe la kisheria. Langu si la kisheria."

"Ni la nini, babu?"

"Ni langu." Kisha, kama aliyemaliza jambo, akauliza: "Watu wangapi?"

"Mia na hamsini."

"Basi mbuzi sita. Mwambie huyo Yona awahi, na maji ayachote mwenyewe."

Pazia likasogea. Baba alitoka amevaa kanzu ya nyumbani, akasimama. "Kwa hiyo utachinja?"

"Nitachinja. Jirani zangu wale kibudu kisha kesho wanipe salamu?"

"Na ndoa yenyewe? Unaionaje?"

"Nimeshamwambia binti yako ninavyoiona. Lakini weye usijifiche kwapani mwangu. Ulinileta miye kwenye jambo hili kwa sababu ulijua nitakataa, ukae na redio yako. Hutaki kwenda, sema hutaki. Unataka, sema unataka. Mtoto ni wako."

Sijawahi kumwona Baba akitafuta neno kwa muda mrefu namna ile. Alimtazama Mama, akanitazama mimi, akatazama mlango.

"Nitakuja," alisema. Na baada ya kidogo, kana kwamba amejishangaza: "Kwani nani alisema siji?"

Siku ya harusi mzee aliwahi. Ni mara ya kwanza katika historia ya Pongwe, na watu wakaulizana kama yuko mgonjwa. Aliacha baiskeli nyumbani akaja kwa miguu. Yona alishika bakuli la maji kwa mbuzi wote sita, suruali ya harusi imekunjwa hadi magotini, na wa nne alipogoma kunywa walisimama wawili hao, mzee na bwana harusi, wakimsubiri mbuzi bila kusema neno, huku wapishi wakipiga mifuniko.

Chakula kilipopakuliwa alisimama. Nilikuwa nimekaa karibu na Baba, na nilihisi Baba amekaza mwili.

"Nyama hii nimeichinja miye," alisema mzee, "kwa jina la Mwenyezi Mungu. Ndoa sikuifunga miye. Kuleni."

Mama Neema akaanza kucheka, na baada yake watu wote. Mzee alichukua kipande kidogo, akakitafuna taratibu, akameza, akafuta vidole. Baba akaingiza mkono kwenye sinia.

Sijabadilika. Bado nasema amri za kitabu chochote zisifanywe sheria ya nchi. Zingefanywa, mimi na Yona tusingekuwa na cheti, na mzee mwenyewe angesema aliyefunga ni mgambo. Lakini sisemi tena kwamba mtu mwenye amri hawezi kuona. Nimemwona mmoja akiona, kwa kuchelewa, kama alivyochelewa katika kila kitu.

Alasiri watu walipoanza kutawanyika nilimtafuta nimpe shingo. Kwetu shingo ni fungu la mchinjaji. Miaka yote alikuwa akiipokea na kumpa jirani wa kwanza anayekutana naye njiani. Safari hii aliomba mfuko, akazipanga shingo zote sita, akaufunga.

"Gari la wakwe zako linarudi Amani?"

"Linarudi, babu."

"Linapita Muheza?"

"Ndiyo njia yake."

Aliitikia kwa kichwa. Akaingiza mkono ndani ya koti, kwapani, akatoa kile kisu kilichofungwa kwenye kipande cha gunia. Sikuwahi kukishika. Alinikabidhi kwa mikono miwili.

"Niwekee," alisema. "Huko siendi nacho."

Akaenda garini na mfuko wake. Yona alimfungulia mlango wa mbele.